Acheni Kuusingizia Mtandao

Faili limegoma kuingia kwenye folda ya pamoja, na ofisi nzima ina jibu moja: "Mtandao unasumbua." Mhasibu analitoa, sekretari analirudia, bosi analikubali, kisha flashi inatoka mkobani na kazi inaendelea. Kesho hivyo hivyo. Jibu hilo tumelisikia vya kutosha, na mara nyingi si la kweli.

Kompyuta ikishindwa kunakili faili haikai kimya. Inafungua kisanduku katikati ya skrini na kueleza kilichotokea. Mtumiaji anakifunga kabla hajamaliza mstari wa kwanza, anampigia simu mtu wa TEHAMA, anamwambia "imekataa". Imekataa nini? Imesemaje? Hajui. Na mtu wa TEHAMA naye, badala ya kudadisi, anajibu: zima, uwashe. Asubuhi inakatika hivyo kwa sababu hakuna aliyesoma maneno kumi.

Yasomwe. Yakisema nafasi imejaa, msihangaike na mtandao, futeni. Yakisema faili ni kubwa mno ilhali diski ina nafasi tele, ulizeni diski hiyo iliandaliwa kwa mfumo gani. FAT32, ambao bado uko kwenye flashi nyingi na diski za nje zinazochomekwa nyuma ya ruta, haupokei faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi. Video ya semina ya kutwa nzima haitaingia hata mkiibembeleza. Yakisema jina ni refu mno, basi kuna mtu amejenga folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ina jina kama kichwa cha waraka wa wizara. Windows kwa kawaida inakomea herufi 260 kwa anwani nzima ya faili, si jina la mwisho peke yake. Na yakisema faili linatumika, kuna mwenzenu amelifungua kwenye Excel akaenda kunywa chai. Mfuateni kantini.

Ujumbe wa kukosa ruhusa ndio unaozua ugomvi, maana mtu anadhani amefungiwa makusudi. Mara nyingi mwenzake amelihamisha tu faili kutoka folda yake kwenda ya idara, ndani ya diski ileile. Kwenye Windows faili lililohamishwa namna hiyo kwa kawaida huja na ruhusa zake za zamani, lakini lililonakiliwa hupata ruhusa za folda linakoingia. Basi nakilini, hakikisheni limefika na linafunguka, ndipo mfute la kwanza. Utaratibu huo unaokoa pia siku umeme unapokatika katikati ya safari.

Zipo siku mtandao una hatia kweli, na kuuthibitisha ni kazi ya dakika chache: chukua faili lilelile, jaribu kompyuta nyingine, kisha jaribu waya mwingine. Waya wa mtandao una nyuzi nane. Mwendo wa gigabiti 1 kwa sekunde unazihitaji zote. Mwendo wa megabiti 100 unatosheka na nne. Gurudumu la kiti likikanyaga waya na uzi mmoja ukakatika, kompyuta mara nyingi inashuka kwenye mwendo mdogo bila kumwambia mtu, na gigabaiti 10 ambazo kwa hesabu zingepita kwa chini ya dakika moja na nusu zinachukua zaidi ya dakika kumi na tatu. Halafu tunasikia seva mpya inahitajika. Kinachohitajika ni waya mpya! Wengine wana tundu la waya ukutani, wameliziba kwa kabati, wanasukuma picha za mradi mzima kwa waifai iliyo vyumba vitatu mbali. Picha hizo nazo, maelfu ya vifaili vidogo, zingekwenda upesi zaidi zikifungwa kwanza kuwa faili moja la zipu, kwa sababu kila kifaili kina kazi yake ya kufunguliwa na kufungwa huko kinakofika.

Kompyuta mpya ikikataa folda ambayo za zamani zinaingia, usiilaumu haraka. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka 2024, hata ile Pro imeacha kuingia kwenye folda kama mgeni asiye na nenosiri. Wekeni nenosiri. Na fundi atakayewaambia dawa ni kuiwasha tena SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili, akumbushwe Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipopita mlango huohuo na kufunga kompyuta za hospitali za Uingereza.

Hayo yote ni mambo ya kurekebishwa kabla ya saa sita mchana. Yanarudi kila wiki kwa sababu folda ya pamoja haina mwenyewe. Ni choo cha nyumba ya kupanga: wapangaji wote wanakitumia, wote wanalalamika, na ufagio hauna mkono. Fungueni muone kilichojaa humo. Video za harusi. Nakala tano za bajeti, mojawapo inaitwa "ya mwisho" na nyingine "ya mwisho kabisa". Folda za watumishi waliostaafu. Kisha tunashangaa ripoti ya robo mwaka inakosa pa kukaa.

Flashi haiondoi tatizo hilo, inalizidisha. Kila inapozunguka inaacha toleo jingine la faili mahali pengine, na virusi vikiwemo vinazunguka nayo. Ikiwa imebeba mishahara au majalada ya wagonjwa na ikadondoka kwenye daladala, hapo kuna sheria ya kujibiwa: Kenya inayo ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilitunga yake ya taarifa binafsi 2022.

Kwa hiyo kila ofisi imteue mtu mmoja, kwa barua, awe mwenye folda. Asiwe "kitengo". Awe mtu mwenye jina na mamlaka ya kufuta. Atangaze siku ya usafi, aweke nakala rudufu ya vya maana, aondoe visivyo vya kazi, aweke kikomo cha nafasi kwa kila folda; Windows Server ina zana ya kufanya hivyo, na vifaa vingi vya kuhifadhia mafaili mtandaoni vinayo pia. Watu wapewe mpango mfupi wa majina ya mafaili, tarehe ianze na mwaka, bila mkwaju wala alama ya kuuliza, kwa sababu Windows haizipokei alama hizo kwenye jina.

Hakuna tenda hapo, hakuna semina wala posho, na labda ndiyo maana jambo hili linakwepwa. Sababu nyingine wafanyakazi wanaijua ila hawaisemi kikaoni: folda iliyojaa kuliko zote huwa ya wakubwa, na mtu wa TEHAMA hathubutu kuigusa. Siku ya usafi ikifika, aanze nayo hiyo, mkurugenzi akiwa amekaa pembeni akisema kipi kibaki.