Nani analipwa kwa kazi ya mvua?



Mvua imeisha. Vumbi ya makamio imeanza kurudi mahali pake, juu ya nguo, juu ya chakula, juu ya miti. Sasa njo wakati wa kusema juu ya bustani za muji wetu. Mwezi wa kwanza haufai. Mwezi wa kwanza kila mutu ni fundi wa bustani: mvua inanyesha, majani yanaota mpaka kwenye nyufa za barabara, wakubwa wanapigwa foto, na fakture inapita bila shida. Rudi mwezi wa nane, pale pale. Utakuta udongo mwekundu, fimbo kavu ambayo ilikuwa muti, na mbuzi anatafuta kitu cha kula.

Pale ambapo kazi ya kutunza bustani imepewa sosiete kwa kontra, siye tuko na ulizo moja tu: kama pesa ni ile ile kila mwezi, kwa miezi ya mvua sosiete ililipwa kwa kazi gani? Na kwa miezi ya jua, nani alienda kuangalia mbele ya kusaini?

Hatupingi kontra. Sosiete inaweza kufanya vizuri kuliko biro, na inaweza kupatia vijana kazi. Vijana kama siye, wenye diplome ndani ya bahasha ya plastiki, tunaotembea nayo toka biro moja mpaka ingine. Hatusemi hivi kwa wivu. Tunasema kwa sababu mwenzetu mmoja aliipata kazi ya namna hiyo.

Alisoma agronomia chuo kikuu. Sosiete moja, hatutaitaja hapa, ilimuchukua kusimamia wafanyakazi wa siku kwenye nafasi ya majani. Alifanya miezi tatu, akalipwa moja. Lakini siyo hiyo inayomuuma zaidi. Kila mwisho wa mwezi walimuletea karatasi: majani yamekatwa mara ngapi, miti imenyweshwa mara ngapi. Mistari ilikuwa imejazwa tayari. Kamio ya maji ilikuwa imefika mara moja tu, na siku ile kulikuwa na wageni. Wengine wote walikuwa wanabeba maji na bido toka kisima cha jirani, mama mumoja aliyechoka kuwafungulia mulango. Mwenzetu akasaini. Hatumuhukumu, alikuwa anangoja mushahara. Lakini karatasi ile njo ilifungua sanduku la pesa. Kwenye karatasi bustani ilikuwa imekunywa maji. Kwenye udongo miti ilikuwa inakufa.

Basi tuseme wazi nini inapaswa kuwa ndani ya kontra, juu ya wengi wetu hatujawahi kuona hata moja. Kontra nzuri iko na kitabu cha masharti, ile wakubwa wanaita cahier des charges. Inaandika nafasi ni metre ngapi za mraba. Inaandika majani yasipite urefu gani, na hiyo ni tofauti kabisa na kuandika "kukata mara mbili kwa mwezi", kwa maana mutu anaweza kupita mara mbili na panga na bado nyoka akalala ndani. Inaandika maji: siku ngapi kwa juma wakati wa jua, na yanatoka wapi. Na inaandika kwamba muti ukikufa mbele ya kupokelewa kwa mwisho, sosiete inapanda mwingine kwa pesa yake. Kazi za namna hii zinapokelewa mara mbili, mara ya kwanza kwa muda na mara ya pili kwa kabisa. Katikati ya hizo mbili, muji unaweza kushika sehemu ya pesa kama dhamana. Sasa fikiri: ukipokea kwa kabisa mwezi wa pili, wakati kila kitu ni kijani, umerudisha dhamana kwa sababu ya mvua. Pokea mwezi wa tisa. Muti uliovuka kiangazi cha Lualaba bila kufa, huo umepandwa kweli.

Sheria iko. Ile ya tarehe 27 mwezi wa nne 2010 juu ya marché public inataka ushindani na uwazi. Ile ya mwezi wa kumi 2008 inapea muji na komini kazi ya kuangalia mambo yao wenyewe, na bustani na viwanja vya michezo vimo. Na tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 2023 tulipiga kura kwa wakonseye wa komini. Ba honorable, tulisimama foleni juu yenu. Kuomba kontra moja na kuisoma mbele ya watu siyo siasa kubwa, ni kazi ya asubuhi moja.

Na musituambie kwamba pesa hakuna. Kodi ya mine inayoitwa redevance, kwa sheria ya mwaka 2018, inagawanywa hivi: 50% Kinshasa, 25% provense, 15% muji, komini, sekta au sheferi ambapo wanachimba, 10% mufuko wa vizazi vinavyokuja. Kopa na kobalti zinatoka chini ya miguu yetu. Mpira wa kunyweshea maji hauwezi kuwa mzigo.

Wazee wanatukumbusha kwamba zamani mambo haya hayakuwa na maulizo. Union Minière, kisha Gécamines, njo ilikuwa inaangalia kambi: nyumba, hospitali, masomo, hata usafi wa njia. Baba alikuwa mumoja na hakuna mutu aliomba kuona karatasi zake. (Hawakuruhusiwa pia, hiyo wazee wanasahau kusema.) Baba yule alianguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatumwa nyumbani. Leo kila kazi iko na sosiete yake, na kila sosiete iko na kontra yake. Bila kuona kontra, hujui hata umulaumu nani.

Kuko pia jambo la salongo. Tunapenda muji safi, tunatoka na jembe na ufagio. Lakini kama mahali tunapofagia bure kuko mutu analipwa kupafagia, basi siye njo wafanyakazi wake wa bure. Mbele ya kutuita, mutuambie pale kuko kontra ao hakuna.

Kwa wale wanaosema "ni majani tu, tuko na shida kubwa": bustani iliyokauka haikai bustani. Kwanza inakuwa jalala. Kisha mutu anasema "hapa hakuna kitu", anakuja na karatasi, anajenga ukuta, na imekuwa lupango lake. Mwaka 1989, Nairobi, walitaka kujenga mnara wa gorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alianza na barua. Walimutukana mpaka bungeni. Mnara haukujengwa, na bustani iko mpaka leo.

Siye pia tunaanza na barua. Katiba, artikle 27, inatupatia haki ya kuandika petisio, na mukubwa anapaswa kujibu ndani ya miezi tatu. Tunaomba mambo tatu: kontra zote za bustani zibandikwe kwenye mulango wa meri na wa komini, pamoja na bei, karatasi ya kila mwezi isainiwe pia na mutu mumoja wa kartie, na wafanyakazi wa siku walipwe mbele ya sosiete kulipwa fakture inayofuata. Tukiiweka mwezi wa sita, jibu linapaswa kufika mwezi wa tisa, wakati majani hayawezi kusema uongo.

Kwa sasa, kila mumoja achague nafasi moja ya majani karibu na kwake. Simama mahali pamoja, piga foto Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, toka mwezi wa sita mpaka mvua ya kwanza. Piga udongo, piga miti, piga robine kama iko. Usipige sura za wafanyakazi, wale hawana kosa. Andika tarehe na jina la kartie. Kama muko wawili kwenye nafasi moja, sikilizaneni, mumoja aende kwingine.