Kamyo yenye mzigo na kaye ya mtoto

Kila mwaka, shule ikisha kuanza, tunasikia malalamiko yale yale katika kambi za wafanyakazi, toka Kipushi mpaka Kolwezi. Mtoto ameingia humanité ya sayansi, amerudi na devwari ya fizike juu ya mwendo, na nyumbani hakuna wa kumsaidia. Papa anasema: «Mimi sikusoma ile bintu.» Mama anamtuma kwa jirani. Kwa jirani kuko kijana mmoja wa iniversité, naye anataka falanga. Analipwa, anaandika majibu, mtoto anakopi, mwalimu anatia alama nzuri. Siku ya interro mtoto anaangalia karatasi kama mgeni asiyejua njia.

Sisi tunasema wazi: ile falanga imepotea. Hatumchukii yule kijana, naye anatafuta bukari yake. Lakini kuandikia mtoto majibu si kumsaidia. Na tunaongeza neno ambalo ba papa wengi hawataki kuamini: katika somo hili la mwendo, mtu wa mine anajua mambo ambayo kijana yule amesoma tu mu kitabu.

Tuchukue lile neno linaloogopesha. Kitabu cha shule kinasema «quantité de mouvement». Mtoto anaandika p = m × v, anapiga mstari chini kwa biki nyekundu, basi. Umuulize maana yake kwa Kiswahili, ananyamaza. Sisi tutasema «wingi wa mwendo»: kilo za kitu, mara mbio yake. Kitu kizito kinachotembea polepole kinaweza kuwa na mwendo mwingi sawa na kitu chepesi kinachokimbia sana. Mama anayesukuma kinga yenye magunia ya makala anajua jambo hili kwa mikono yake: kwenye mteremko, kinga yenye mzigo haikamatwi kama kinga tupu. Shofere wa kamyo analijua kwa mguu wake kila siku anapokanyaga breki.

Basi tufanye hesabu ya shofere. Kamyo tupu iko na tani 20. Ikipakiwa tani 40 za mawe, inakuwa tani 60. Inatembea kilometa 36 kwa saa, maana yake metre 10 kwa kila sekonde. Tupu, wingi wa mwendo wake ni 200.000, na mzigo, ni 600.000. Tuseme breki zinaizuia kwa nguvu ile ile, newton 100.000. Ile tupu inasimama kiisha sekonde 2, imekula metre 10 za barabara. Ile yenye mzigo inahitaji sekonde 6 na metre 30. Hapa shofere atasema: «Ndiyo, njo vile.» Anajua hata kabla ya hesabu.

Lakini sasa aongeze mbio mara mbili, kilometa 72 kwa saa, na mzigo wake ule ule. Wingi wa mwendo unakuwa mara mbili, sekonde nazo mara mbili: 12. Na njia? Wengi wanajibu metre 60. Hapana. Ni metre 120, mara nne, kwa sababu kamyo inatembea kwa mbio zaidi, tena kwa muda mrefu zaidi. Hapo watoto wengi wanaanguka, na watu wazima pamoja nao.

Jambo hili si la alama za shule tu. Watoto wetu wanavuka barabara ya Lubumbashi na Kolwezi mbele ya makamyo yale yale. Februari 2019, karibu na Tenke, kamyo iliyobeba asidi iligongana na basi, watu zaidi ya kumi wakafa. Mtoto anayeelewa zile metre 120 hatakimbia mbele ya kamyo juu ya kuona shofere amepiga honi na ataona njia. Atangoja.

Sasa, papa ambaye hajui formula atasaidia namna gani? Asishike biki. Aseme tu: «Nielezee ile hesabu kwa Kiswahili, bila nambari.» Ni kitu gani kinatembea? Kinaenda upande gani? Nani anakisukuma, nani anakizuia? Mwishoni kinasimama ao kinaendelea? Mtoto akishindwa kusimulia, hajaelewa, na formula yoyote atakayoandika ni bahati nasibu. Akisimulia vizuri, nambari zinaingia zenyewe mahali pake. Newton mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliandika sheria yake ya mwendo kwa maneno, si kwa herufi za p na m na v. Sasa mtoto wa Likasi atalazimishwa juu ya nini kuanza na herufi?

Kuna vitu viwili vingine ambavyo papa anaweza kuchunguza hata kama aliacha shule mapema. Kwanza, tani zimegeuzwa kuwa kilo? Mtu anayesoma karatasi ya mizani ya kamyo kila siku hawezi kushindwa hapo. Tena kilometa kwa saa zigeuzwe kuwa metre kwa sekonde: unagawanya kwa 3,6. Halafu aangalie upande. Makamyo mawili yakija uso kwa uso, mwendo wa moja unatiwa alama ya kutoa. Mtoto anayesahau ile alama ndogo anajumlisha mahali pa kutoa, na hesabu yote inaharibika. Dakika 15 zinatosha, hata kwa mtu aliyetoka kazi ya usiku.

Na msichana? Tunaona nyumba nyingi ambamo kaka anaketi na kaye, dada anatumwa kuchota maji. Yeye pia iko na interro.

Kwa kampuni za mine tuko na neno moja. Kodi ya Mine ya mwaka 2018 inazitaka zitoe angalau 0,3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na machimbo. Tumeona madarasa yakijengwa, tunashukuru. Lakini tumeingia katika madarasa yenye rangi mpya ambamo hamna hata mizani moja, hata saa ya kupima sekonde. Mwalimu anachora kamyo mu tablo, na kamyo ya kweli inapita nyuma ya dirisha. Ubao uliolazwa kwa mteremko, kigari kidogo cha magurudumu na saa havihitaji bajeti kubwa. Na inginia mmoja akitoka bironi posho moja kwa mwezi, akae na watoto wa humanité na kujibu maswali yao, kampuni haitafunga milango juu ya hiyo. Walio katika kamati zinazopanga ile 0,3 % waipeleke hoja hii mezani.

Kwa leo jioni, hesabu moja, hasa kwa wale waliofanya kazi ya treni. Wagoni yenye mzigo, tani 60, inakuja metre 2 kwa sekonde. Inagonga wagoni tupu ya tani 20 iliyosimama, zinashikana, zinaendelea pamoja bila breki. Zitatembea kwa mbio gani? Mtoto atapata 1,5. Msikubali 1,5 peke yake: mumuulize ile nusu metre imeenda wapi, na ajibu kwa Kiswahili.