Kusoma Dini Si Kusomea Uchungaji

Hebu mwambie mtu kwamba chuo kikuu unataka kusoma dini, uone atakavyokujibu. "Kumbe wataka kuwa pasta!" Ukiwa Mwislamu utaitwa shehe kabla hujamaliza kusema. Nimeyasikia haya bwenini na nyumbani, nami nayapinga, kwani yanawapotosha wenzetu wanaochagua kozi.

Thiolojia ni elimu ya aliye ndani ya nyumba. Mwanathiolojia huanza na imani yake, kisha akauliza: Mungu ametuambia nini, na tuishi vipi? Taaluma ya dini, ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi huifundisha katika idara moja na falsafa, haimwulizi mwanafunzi anasali wapi. Mkristo atasoma Uislamu, Mwislamu atasoma dini za jadi, na asiyesali kabisa atakaa nao darasa lilo hilo.

Chukua kaya za Wamijikenda kule Pwani, misitu mitakatifu iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Wazee huomba humo. Mwanathiolojia wa Kikristo atauliza: je, wanayemwomba ndiye Mungu wa Biblia? Muumini akishiriki, amemkana Kristo? Mwenzake wa taaluma ya dini atauliza nani huruhusiwa kuingia, husemwa nini, na mambo yamebadilika vipi tangu watu wahame kaya wakaishi nje. Kama ombi lafika mbinguni au halifiki, hilo halikati yeye. Wengine huuita huo woga. Mimi naona ni adabu. Utamsikilizaje mzee ikiwa umeshamhukumu?

Lakini msidhani mipaka hii imechorwa kwa rula. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefundisha Makerere toka 1964 hadi 1974, alikuwa pia kasisi wa Kianglikana. Kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilitoka 1969. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek, yule mshairi wa Uganda, akamvamia yeye na wengine: eti wameivika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki! Yaani wamechukua sifa za Mungu wa wanathiolojia wa Ulaya, mwenyezi, wa milele, ajuaye yote, wakazibandika huku kwetu. Ugomvi huo ndio utamu wa somo lenyewe. Sisi katika CRE tunakariri sifa za Mungu katika jamii za jadi, tunapata alama zetu, basi. Hakuna anayetudokezea kwamba orodha ile iliwahi kupigiwa kelele.

Nina rafiki, binti wa shemasi, ambaye baba yake amekataa katakata. Asema chuo kitamla mtoto imani. Kama ni dini, aende chuo cha thiolojia. Mzee, kwa heshima zako, binti hataki kuhubiri. Anataka kujua kwa nini nyanyake, aliyebatizwa na asiyekosa kanisani, bado humwaga uji kidogo chini kabla ya kunywa. Mwalimu wetu wa ushauri ameahidi kwenda kumwona mzee likizo hii. Naomba amkute ameshakunywa chai.