Baraza ya Mabinti

Kila Jumamosi alasiri, katika mikahawa ya Dar es Salaam, tangu Posta hata Masaki, utawaona mabinti watatu wanne wameizunguka meza moja, mbele yao vikombe vya kahawa ya maziwa vilivyokwisha poa, wakicheka na kusimuliana mambo ya kazini, ya posa na ya kodi za vyumba. Na karibu nao hutamkosa mzee anayetikisa kichwa na kunong'ona kwamba dunia imeharibika.

Mzee wangu, jana baada ya Isha ulikuwa wapi? Ulikuwa barazani Kariakoo, finjani ya kahawa chungu mkononi, kashata kinywani, ukihukumu mambo ya serikali na ya Simba na Yanga hata usiku ukakucha, wala hapana aliyekuuliza umeketi na nani. Ikiwa kikao hicho ni halali kwako, insafu yataka utuoneshe kwa dalili gani kimekuwa haramu kwa binti aliyelipia kikombe chake kwa jasho lake mwenyewe.

Dhana mbaya juu ya kahawa ni kongwe. Makka, mwaka 1511, mtawala Khair Beg aliipiga marufuku, akihofu pamoja na mengine mikutano ya wanywaji wake, na marufuku yake haikudumu. Wala mabinti hawa si wa kwanza kukutana. Bibi zao walikuwa na vyama vya ngoma, na ni katika kimoja, kiitwacho Bomba, ambamo Bibi Titi Mohamed alikuwa akiimba kabla ya kuingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika; naye alipotaka wanawake wa kukitia nguvu chama hicho, mnamo mwaka 1955, aliviendea vikundi hivyo vya ngoma, kwa kuwa huko wanawake walikuwa wamekwisha zoea kukutana, kuchangiana na kuaminiana. Laiti wangalizuiwa kuketi pamoja, angalibisha hodi kwa nani?

Nanyi mabinti, nina neno kwenu. Nimewaona wanne meza moja, kila mmoja ameiinamia simu yake muda wa saa nzima, wala hapana aliyemtazama shoga yake usoni. Hiyo si baraza, ni foleni iliyopewa viti. Zifungieni simu mikobani, mzungumze.

Nawe mzazi, Jumamosi ijayo binti yako akikuaga, muulize saa ya kurudi kama umwulizavyo kaka yake, wala usizidishe.