Mugumo wa Westlands uliponea, lakini mlezi wake ni nani?

MTAA NA SHERIA
Na Salome Katana

Novemba 11, 2020, Mohammed Badi, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS), alitangaza kwamba mti wa mugumo ulio kando ya Waiyaki Way, Westlands, hautaguswa. Alikuwa amekuja na agizo la Rais Uhuru Kenyatta, lililoutaja mti huo kuwa kielelezo cha urithi wa Kenya wa kitamaduni na kimazingira. Badi akasema NMS imeuchukua mti ule iulee kwa niaba ya wakazi wa jiji. Watu walishangilia, na walikuwa na kila sababu ya kushangilia.

Leo NMS haipo. Iliundwa 2020, ikamaliza muda wake 2022, mwaka uleule aliyetoa agizo alipoondoka Ikulu. Mti wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja ulimzika mlezi wake katika muda wa kama miaka miwili. Nauliza swali ambalo sijasikia likiulizwa kwa sauti: mkandarasi mwingine akija kesho na ramani nyingine, mugumo ule utasimama kwa nguvu ya nini?

Siulizi ili kuwabeza waliopigania mti ule. Walifanya kazi kubwa katika mwaka mgumu wa korona, wakati hata kukusanyika kulikuwa na masharti yake. Serikali ilikuwa inajenga barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ikijengwa na kampuni ya China ya CRBC, na mugumo wa kimo cha jengo la ghorofa nne ulikuwa umesimama kwenye njia. Vijana wa mazingira, Elizabeth Wathuti akiwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi, na shirika la Green Belt Movement alilolianzisha Profesa Wangari Maathai mwaka 1977, walikataa. Mitandaoni kukawaka moto. Wapita njia ambao hawakuwahi kuutazama mti ule walianza kusimama na kuupiga picha.

Mamlaka ya barabara kuu ilisema mti hautauawa, utang'olewa na kupandwa kwingine. Kwa sikio la haraka, ahadi hiyo ilikuwa ya kiungwana. Muulize mkulima yeyote aliyewahi kuhamisha hata mwembe wa miaka kumi. Mizizi midogo inayonyonya maji haiko chini kabisa ya shina kama tunavyochora shuleni. Sehemu kubwa iko katika udongo wa juu, nayo hutambaa hadi nje ya kivuli cha matawi. Ukichimba duara kuuzunguka mti mkubwa namna ile, mizizi mingi unaiacha shimoni. Unachopakia kwenye lori ni shina lenye kiu. Tena mugumo hauishi peke yake. Jamii hii ya miti huchavushwa na nyigu wadogo mno wanaozaliana ndani ya tunda lenyewe, na matunda yake hulisha ndege na popo hata katika miezi ambayo miti mingine haina kitu. Ule wa Westlands ulikuwa hoteli ya ndege katikati ya jiji la vioo.

Basi agizo likatoka, na hapo ndipo pana funzo ambalo wengi walilipita. Kabla ya Novemba 11 tuliambiwa barabara haina pengine pa kupita. Baada ya Novemba 11 wahandisi walipata pa kupita. Nguzo zilisimikwa, magari yakaruhusiwa kuanza kupita Mei 2022, na mugumo ukabaki mahali pake. Maana yake tangu mwanzo njia ya kuukwepa ilikuwepo, ila hakukuwa na mtu mwenye mamlaka wa kumwambia mchoraji aitafute. Kupinda mstari kwenye karatasi ni kazi ya penseli na kifutio. Kuupinda baada ya mkataba kutiwa saini kunahitaji rais.

Na rais hawezi kuokoa kila mti. Kwenye barabara hiyohiyo, kando ya Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, miti mingi ilikatwa bila agizo wala kamera. Haikuwa na wazee wa kuitetea. Mugumo ulikuwa na bahati ya kuwa mugumo. Ni mti ambao Wakikuyu waliombea chini yake wakielekea Mlima Kenya, na kuukata kulikuwa mwiko. Ni mti wa utabiri wa Mugo wa Kibiru, nabii wa Wakikuyu: husimuliwa kwamba mugumo wa Thika ungeanguka siku utawala wa Waingereza ukikaribia mwisho, Waingereza wakauzungushia chuma usianguke, nao ukaanguka 1963. Wangari Maathai mwenyewe ameandika kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, akimwambia ni mti wa Mungu. Mti wenye ukoo wa namna hii una wakili hata kabla haujashtakiwa. Mwarobaini uliopo stendi, ambao chini yake kinyozi ana kioo chake na mama mboga ana meza yake, wakili wake nani?

Mimi ni mtu wa Kilifi, na kwetu jambo hili tumeliona kutoka pande zote mbili. Misitu ya kaya za Wamijikenda imesimama kwa karne nyingi kwa sababu wazee waliiwekea miiko: hukati, huingii na viatu mahali fulani, hulishi mbuzi. Miiko ilipoanza kulegea na viwanja vya ufukweni vikapanda bei, wazee hawakubaki na miiko tu. Kaya moja baada ya nyingine ikatangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa turathi ya taifa, chini ya Makavazi ya Kitaifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake katika orodha ya urithi wa dunia. Sisemi kwamba hazivamiwi. Ila mvamizi wa kaya anavunja sheria yenye namba na ukurasa, na ukienda kituo cha polisi una karatasi ya kuonyesha.

Mibuyu ya Kilifi haikuwa na karatasi. Mwaka 2022 nchi nzima iliona picha za mibuyu mikubwa iliyong'olewa kwenye mashamba ya watu, mizizi imefungwa, tayari kusafirishwa hadi Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walikuwa wamelipwa. Siwalaumu sana, mbuyu shambani unakunyima nafasi ya mahindi, na mtu anayekupa pesa taslimu kwa kitu ambacho serikali haikuwahi kukiwekea thamani ni vigumu kumfukuza. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza uchunguzi kuhusu kibali cha kuing'oa. Tazama mtindo: tena Novemba, tena rais, tena baada ya mashine kufika. Safari hii miti ilikuwa imeshatoka ardhini.

Huu ndio ugonjwa wenyewe. Tunailinda miti kwa maagizo, na agizo huja msiba ukishatokea au ukiwa mlangoni.

Sheria zipo, na si mbovu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti kwenye angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi, na kinaitaka ihimize wananchi kushiriki katika utunzaji wa mazingira. Kifungu cha 70 ndicho ningependa kila chama cha wakazi kikikariri: kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Huhitaji kuwa na kioski chini ya mti ule. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 nayo inatambua turathi za asili, si majengo na vyungu pekee. Kisha kuna tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo mradi mkubwa hauruhusiwi kuanza bila hiyo, na wananchi wana haki ya kuisoma na kutoa maoni.

Kinachokosekana ni daftari. Hakuna mahali ambapo mchoraji wa barabara, akiwa bado na penseli mkononi, anaweza kufungua na kuona: hapa pana mti ambao watu wa hapa hawatauachilia. Afrika Kusini wanao utaratibu huo. Sheria yao ya misitu ya 1998 inamruhusu waziri kutangaza mti mmoja mmoja kuwa mti wa kulindwa, na wana orodha ya kitaifa ya miti mashuhuri ambayo haikatwi wala kujeruhiwa bila leseni. Uingereza, halmashauri ya mtaa inaweza kutoa amri ya kulinda hata mti uliopo kwenye ua wa mtu binafsi. Hatuna haja ya kuiga neno kwa neno. Bunge la kaunti yoyote linaweza kutunga sheria fupi kwamba kila wadi iwe na orodha ya miti yake, yenye mahali ulipo, jina la mti, sababu ya kupendwa na ofisi inayowajibika. Ofisi, wala si mtu. Mtu huhamishwa, hustaafu, hushindwa uchaguzi.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa Wakenya wanataka barabara, na mti mmoja hauwezi kuzuia maendeleo ya watu milioni nne. Nimekaa kwenye msongamano wa Mombasa Road nikiwa na mtoto mgonjwa, sihitaji kuhubiriwa kuhusu barabara. Lakini mugumo haukuzuia barabara. Barabara ipo, inatoza ada, na mti upo. Mwaka 1989 pia tuliambiwa kwamba bila jengo la ghorofa sitini ndani ya bustani ya Uhuru Park nchi itabaki nyuma. Wangari Maathai aliandika barua ofisi baada ya ofisi, akatukanwa bungeni, wafadhili wakaogopa, jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa akitetea msitu wa Karura. Leo watu wa kila tabaka wanakimbia asubuhi ndani ya Karura, na sijasikia yeyote akililia nyumba za kifahari zilizotakiwa kujengwa humo.

Jibu la pili nitakalopewa ni kwamba tutapanda mingine. Serikali imeahidi miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa siku nzima ya mapumziko tukapande. Nilipanda. Nasikitika tu kwamba kupanda mche kuna picha nzuri, gavana ameinama, suti haina vumbi, lakini kulinda mti uliokwisha kukua hakuna picha. Mche mmoja hauwezi kufanya kazi ya mti wa miaka mia moja mpaka nao ufikishe miaka mia moja, na hiyo ni kama hautaliwa na mbuzi wiki ya pili.

Kuna jambo la mwisho, dogo, ambalo kampeni nyingi hulisahau baada ya sherehe. Mti hauuawi kwa msumeno pekee. Unauawa kwa saruji inayomwagwa hadi kwenye shina, kwa lori linaloegeshwa juu ya mizizi hadi udongo unakuwa mgumu kama sakafu, kwa mtaro unaochimbwa upande mmoja kupitisha nyaya, kwa maji ya gereji. Mti uliotendewa hivyo hauanguki leo. Unakauka tawi moja kila msimu, na miaka kadhaa baadaye mtu wa kaunti anakuja na barua halali kabisa inayosema mti ni hatari kwa wapita njia. Kwa hiyo mlinzi wa mti si yule aliyesimama mbele ya tingatinga siku moja. Ni yule anayepita pale kila mwezi na kuuliza kwa nini pamemwagwa zege.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Kabla ya hapo kaunti zinalazimika kuandaa vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na vingi hufanyika ukumbini mkiwa watu ishirini na diwani. Msomaji wangu, kama kuna mti mtaani kwenu ambao mngeulilia, nendeni kwenye kikao hicho mkiwa na picha yake, jina lake, mahali ulipo na saini za majirani. Mwambieni diwani aandike kwenye kumbukumbu za kikao, na mdai nakala. Wa Westlands nao waende, waulize mugumo wao sasa uko kwenye daftari la ofisi gani.