Jina la Kienyeji si Ukabila

Wapo wanaodai kwamba kukipa kiwanja cha watoto jina la Kikabwa, Kijita au Kizanaki ni kufufua ukabila. Ndugu hao waende Shinyanga. Huko Usukumani uwanja wa mpira unaitwa Kambarage, jina la Kizanaki la mzimu wa mvua, alilopewa Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922. Hatujasikia Msukuma aliyekataa kuingia! Lakini ziwa letu limebeba jina la malkia wa Uingereza tangu Speke alibandike mwaka 1858, na walinzi hao wa umoja wamenyamaza. Hayo ni mabaki ya kasumba. Madiwani wa Musoma, Bunda na Butiama wawaulize wazee mahali penyewe paliitwaje, na jina hilo liandikwe kibaoni.