Tulipata Maksi Zote, Dada Yetu Akapoteza Mihogo

Wanachuo wenzangu, aliyefuta diski ya yule dada wa mwaka wa nne ni mimi. Naandika mwenyewe kwa sababu kantini habari imeshaongezwa chumvi.

Ilikuwa kazi ya kikundi: kuunganisha kompyuta tatu za zamani za maabara ziwe klasta ya Kubernetes, kisha kusakinisha Rook ili Ceph itutunzie data. Maksi zote ziko kwenye onyesho la mwisho. Mhadhiri anatazama skrini. Ikiwa kijani mmepata, isipokuwa kijani poleni.

Haikuwa kijani. Mon, yaani walinzi watatu wa Ceph, walikuwa hai, lakini OSD, programu zinazoshika diski zenyewe, zilikuwa sifuri. Ombi letu la hifadhi likabaki linasubiri tu. Na jibu lilikuwepo, aisee! Logi za podi ya maandalizi zinataja kila diski iliyorukwa na sababu yake. Diski zetu zilikuwa na mfumo wa faili wa zamani, na Rook kwa makusudi haigusi diski yenye kitu ndani, isije ikafuta mali ya mtu. Sisi hatukusoma. Tukafuta usakinishaji wote, tukaanza upya, safari hii hata mon zikagoma: folda ya /var/lib/rook kwenye kila nodi ilikuwa bado imeshika funguo za klasta tuliyokwisha kuizika. Hilo nalo limo kwenye mwongozo wa Rook, sehemu ya usafishaji. Kwani nani alifungua mwongozo?

Usiku wa kuamkia onyesho nikapata amri za kusafisha diski. Nikanakili, nikabandika: futa jedwali la patisheni la sdb, jaza sifuri megabaiti 100 za mwanzo. Nodi mbili, safi. Ya tatu tulikuwa tumeizima na kuiwasha, na ilikuwa imechomekwa diski ya nje ya yule dada. Linux haikuahidi mtu kwamba sdb ya jana ndiyo sdb ya leo, ndiyo maana kuna majina ya kudumu chini ya /dev/disk/by-id. Diski yetu ilikuwa imegeuka sdc. Amri moja tu, lsblk, ingenionyesha ukubwa wa kila diski na ningeshtuka.

Mle ndani mlikuwa na picha za majani ya mihogo, yenye ugonjwa na mazima, alizopiga mashambani likizo nzima kwa ajili ya mradi wake. Programu ya uokoaji imerudisha nyingi, ila bila majina wala mafolda. Na lebo zake zote, hili shamba gani, huu ugonjwa gani, zilikuwa kwenye majina ya mafolda. Nakala nyingine hana. Msianze kumlaumu yeye.

Asubuhi tulisafisha diski sahihi, skrini ikawa kijani, tukapewa maksi zote. Hakuna aliyetuuliza tumefikaje hapo.

Hapo ndipo ninapogombana na idara. Ukilipa kijani peke yake, wanafunzi watatafuta kijani, na njia ya haraka ni kubandika amri ya mtu usiyemjua. Najua watasema kazini bosi anataka kitu kinachofanya kazi. Sawa, lakini huko huko kazini kuna diski za wateja. Ninachoomba ni nusu ya maksi ziende kwenye daftari la makosa: nini kiligoma, logi ilisema nini, tulibadilisha nini, kwa nini. Kikundi kilichoshindwa lakini kinajua kwa nini kipate zaidi ya tulichopata sisi. Serikali ya wanafunzi ilipeleke hili kwenye kikao cha idara muhula huu, na mimi niko tayari kwenda kusimulia.

Jumamosi huwa nakaa naye maktaba tukipanga picha upya. Yeye anatambua jani, mimi naandika lebo. Bado hatujafika nusu.